Mabomba Kumi na Saba ya Tope Letu

Mmeniuliza dukani, mmeniuliza kisimani, na mmoja wenu alinivizia hadi nje ya choo cha kanisa. "Ulifika? Uliyaona? Kulikuwa na nini?" Nimewajibu nusunusu, na sasa kila mtu anatembea na nusu yake. Basi naandika mara moja kwa wote, tangu kutoka hapa Lusyeto hadi Toronto na kurudi. Habari za viza na tiketi siwaelezi. Hizo ni foleni tu, na foleni mnazijua.

Kwa watoto watakaosoma baadaye niseme kwanza chanzo chake. Miaka miwili iliyopita wataalamu walikuja kutoboa tope chini ya ziwa letu. Walielea juu ya maji kwa siku kumi na mbili, wakishusha mabomba marefu na kuyapandisha yamejaa tope. Yalikuwa kumi na saba. Kiongozi wao alikuwa Daktari Zarina, mwanamke wa Kanada ambaye babu yake aliwahi kuwa na duka Tukuyu. Aliyeyafunga mabomba na kuyaandika namba alikuwa Subira, fundi wa maabara kutoka Dodoma, mama wa makamo asiyecheka ovyo. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kijiji. Nilitia saini kibali chao, na mabomba yakakaa kwangu siku tatu yakisubiri lori.

Mnakumbuka yaliyofuata. Kwamba Mjerumani alipokuwa akikimbia vita alizamisha mali yake katika ziwa letu, hilo kila mtu hapa amekua nalo. Mabomba yakaenda Kanada. Binti yangu Tusekile yuko Kanada. Miezi miwili baadaye nyumba yangu ikapata bati jipya, alilotununulia Tusekile. Mkajumlisha. Kusema kweli hata mimi ningejumlisha vivyo hivyo. Uenyekiti ukaenda, sawa. Lakini mke wangu alipofiwa na dada yake, wanawake waliokuja kupika msibani walikuwa wanne. Hilo liliniuma kuliko uenyekiti, na bado linaniuma.

Kwa hiyo Tusekile aliponialika, mkutano wa kijiji ulinipa kazi: niyahesabu mabomba, niyapige picha yakiwa wazi, nirudi na jibu. Nilikuwa nimejiandaa zamani. Siku ya kupakia nilitia kila bomba alama ndogo ya kisu karibu na kifuniko, bila kumwambia mtu, wasije wakanionyesha mengine. Tena nilikuwa na sababu yangu ya siri ya kutaka kuliona bomba la kumi na moja. Nitaisema ikifika mahali pake.

Lusyeto hadi Songwe

Nilibeba nguo, chai ya kwetu, maharagwe, na kopo la kahawa ambalo ndani yake niliweka tope jekundu la ukingoni mwa ziwa. Nilitaka nikifika nilinganishe. Mtu akikwambia hili ni tope lenu, uwe na tope lenu mkononi.

Uwanjani Songwe ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa. Ndege ilikuja, tukaisikia ikizunguka juu ya vichwa vyetu, hatukuiona, ikarudi Dar es Salaam. Mimi nikasema moyoni, haya, wameanza. Mfanyabiashara wa viazi aliyeketi jirani yangu aliniuliza naenda wapi, kwa nani, na kopo lina nini. Nikamjibu lina kahawa. Akasema mvua siku hizi haina ratiba, mwaka jana alipanda viazi mara mbili msimu mmoja na mara zote mbili akapoteza mbegu, na je, huko Kanada wanajua sababu? Nilimwona ni mtu aliyetumwa na mmoja wenu anichunguze. Nikahamia benchi jingine, na nikalala Mbeya bila kuagana naye.

Addis Ababa

Kesho yake tuliondoka, na Addis Ababa tukakaa saa tisa. Pale ndani kila kitu kinang'aa na hakuna pa kunyoosha mgongo. Nilifunga kamba ya begi kwenye mguu wangu.

Bibi mmoja wa Kihabeshi, amevaa shuka jeupe, alikuja kukaa karibu na mimi. Alifungua chombo chake, akakunja ile mikate yao myembamba yenye uchachu, akala kidogo, akanitazama. Nikageuka pembeni. Akaniita kwa lugha yake. Nilipogeuka, mkono wake ulikuwa mbele ya mdomo wangu na tonge kubwa la mkate na mchuzi mwekundu. Mtu mzima mwenzangu, sijui jina lake, ananilisha kama mtoto! Nilikumbuka habari zote za watu waliolevywa kwa kulishwa vitu safarini wakaamka bila begi. Nikatikisa kichwa. Mkono haukuondoka. Watu wakaanza kututazama, na uso wake ukaanza kunywea.

Nikafungua mdomo. Pilipili ilinitoa machozi, yeye akacheka, nikasubiri kuzimia. Sikuzimia. Aliponiaga aliinama, na mimi nikakagua kamba mguuni. Baadaye Tusekile aliniambia hiyo ni heshima yao: mtu akikulisha kwa mkono wake amekufanya mtu wake. Nilijibu angenifanya mtu wake kwa kijiko.

Mlangoni Toronto

Toronto tulifika mchana. Afisa wa forodha alipitisha chai, akapitisha maharagwe baada ya kuyageuza punje kwa punje, kisha akafungua kopo. Akanusa. Akaniuliza kitu. Kiingereza changu ni cha semina za wilayani, hakikutosha, basi akapiga simu na kuniwekea mkalimani sikioni. Alikuwa kijana wa Kikenya.

"Mzee, wanasema hii mchanga haiwezi ingia. Inaweza kuwa na vijidudu."

"Si mchanga, ni tope. Mwambie mabomba kumi na saba ya tope hilihili yalishaingia nchini kwake."

Kijana akashusha sauti.

"Mzee, hiyo nikiwatafsiria watakuweka hapo mpaka jioni. Wacha tu wachukue. Sawa?"

Afisa akavaa glavu, akaliweka kopo ndani ya mfuko na kuondoka nalo. Nilisimama pale nikichemka. Bomba zima linaingia, kiganja cha tope hakiingii! Kwa nini hawataki nilinganishe? Nilipotoka nje, Tusekile alinikumbatia huku analia, na mimi, Mungu anisamehe, neno la kwanza nililomwambia lilikuwa, "Wamechukua kopo."

Crescent Town, siku tano za kusubiri

Tusekile anakaa mashariki ya jiji, ghorofa ya kumi na nne. Anatunza wazee kwenye nyumba yao maalumu, na akirudi kazini anatembea kama yeye ndiye mzee. Mumewe Espoir ni mtu wa Uvira, yuko kiwandani anakooka mikate, na siku zake za mapumziko anapika sombe yenye mawese ambayo nilikula mara tatu kabla ya kuuliza ni nini, kumbe ni kisamvu. Mjukuu wangu Neema ana miaka minane. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anajibu kwa Kiingereza bila kuinua macho.

Nje kuliganda, ndani kulikuwa na joto la kutisha hadi wakafungua dirisha. Ukutani mabomba yaligonga: ko, ko, ko. Nikauliza ni nani anagonga.

"Papa, ile ni chauffage, mabomba ya joto," Espoir akasema. "Haiko na bouton ya kuzima. Bâtiment muzima, nyumba zote, inapashwa pamoja, sisi tunafungua tu fenêtre."

Watu wanachoma gesi ili wapate joto, kisha wanafungua dirisha ili walitoe. Nililiweka akilini.

Daktari Zarina alikuwa ameahidi kutuonyesha mabomba chuoni kwake Jumatatu. Jumatatu ikanyesha mvua iliyokuwa ikiganda inapogusa kitu, kila tawi likavikwa kioo, njia zikafungwa. Tusekile alisema alipofika nchi ile, Februari ilikuwa ya theluji mpaka magotini, siku hizi ni mvua, barafu, jua, yote wiki moja. Jumanne chuo kilifungwa. Jumatano king'ora cha jokofu kilikuwa kibovu. Alhamisi alikuwa na kikao. Ijumaa akasema kesho, bila kukosa.

"Wanahamisha mali," nikamwambia Tusekile.

"Baba, wewe hata ukipewa chai unauliza nani ameikoroga."

"Na nani ameikoroga?"

"Mimi, Baba. Kunywa."

Kwenye chumba cha baridi

Jumamosi asubuhi tulipanda treni ya chini ya ardhi, mimi, Tusekile na Neema. Daktari Zarina alitungoja mlangoni na funguo zake na kapu la chakula. Kiswahili chake ni cha bibi yake, aliyemlea huko Toronto akisimulia habari za Tukuyu.

"Shikamoo Mwenyekiti. Vaa hii koti, iko baridi sana ndani."

Nilimwambia si mwenyekiti tena. Akasema kwake bado.

Chumba kilikuwa na rafu hadi juu. Mabomba yetu yalikuwa pale, yamepasuliwa kwa urefu kama muhogo, kila nusu imelala kwenye sanduku lake. Nilihesabu kwa sauti. Kumi na saba. Nikavaa miwani, nikatafuta alama za kisu moja baada ya nyingine. Zote zilikuwepo, nikayapiga picha.

"Hizi ni zako?" Zarina akauliza. "Tulidhani ni panya!"

Neema alichungulia. "Babu, it's just mud," akasema.

Lilikuwa tope, jeusi, lenye mistari myembamba kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Zarina alinionyesha. Masika huosha udongo wa mlimani na kuuleta ziwani, unatua na kufanya mstari wa kahawia. Kiangazi maji yakitulia, vijimea vidogo hufa na kutua, na mstari unakuwa mweupe. Pale ambapo tope halikuvurugwa, mistari miwili ni mwaka mmoja. Na ndani yake kuna chavua ya mimea ya wakati huo. Alinionyesha sehemu mlima wetu ulipokuwa nyasi tupu, na sehemu uliporudi kuwa msitu. Huko mbali kabisa, dunia ilipokuwa ya baridi, barafu imefunika nchi ya Kanada, kwetu kulikuwa kukavu kuliko sasa.

Hapo nikaona nimemkamata.

"Kumbe hali ya hewa ilibadilika zamani, hakuna gari wala kiwanda. Sasa mnatusumbua nini leo?"

Hakukasirika. Alitupeleka kwenye jokofu jingine lenye barafu ya kaskazini, iliyotobolewa kama tope letu. Akavunja kipande, akakitia kwenye glasi ya maji. Kikaanza kulialia, tik, tik, tik.

"Hiyo ni hewa ya zamani inatoka," akasema. "Theluji ilipoanguka iliifungia ndani. Tukiipima, tunajua dunia ilikuwa inavuta hewa gani."

Nilinusa. Haikunuka kitu.

"Mwenyekiti, Rungwe mnalala na blanketi?"

"Mawili."

"Blanketi lina moto ndani?"

"Halina. Linazuia joto langu lisitoke."

"Basi. Kuna gesi angani zinafanya hivyo. Tunaziita gesijoto. Bila hizo tungeganda. Zamani ziliongezeka na kupungua polepole sana, na dunia ilikuwa ikigeuka kidogo kidogo mbele ya jua. Volkano nazo zilikuwa na kazi yao. Mabadiliko yalikuwa na sababu, hata wakati ule. Leo sababu ni sisi. Tunachoma makaa ya mawe, mafuta, gesi, tunakata misitu, na blanketi linanenepa haraka. Hewa ya ukaa iliyopo leo, hakuna kipande cha barafu tulichotoboa kilichowahi kuwa nayo nyingi hivyo."

"Sisi Lusyeto tuna pikipiki sita," nikasema.

"Najua. Hamkulinenepesha ninyi. Lakini tumelala chini ya blanketi moja."

Nikakumbuka dirisha la Tusekile lililokuwa wazi, na yule mtu wa viazi. Nikauliza tope letu linaingilia wapi. Akasema kupima joto ni rahisi, kujua mvua itafanya nini ni vigumu. Wanataka kuona dunia ilipopata joto au ukame huko nyuma, mvua ya kwetu iliondoka vipi na ilirudi baada ya muda gani. "Ili mwenye viazi ajue apande lini," akasema. Naapa sikuwa nimemweleza habari za viazi.

Bomba la kumi na moja

Sasa ndipo mahali pa kusema.

Jumapili ile mabomba yakiwa kwangu, Zarina na Subira walikwenda Tukuyu kufuatilia lori. Mke wangu alikuwa kanisani. Mimi nilibaki kulinda. Nikayagonga mabomba kwa vidole, na la kumi na moja likalia tofauti. Nikabandua ule utepe wa Subira, nikatoa kifuniko, nikaingiza spoki ya baiskeli. Laini, laini, halafu ka! Kitu kigumu. Nikakoroga kulia na kushoto nipate ukubwa wake, kila upande kilikuwa kigumu. Nikajaribu kukinasa, spoki ikakatika ndani. Nikasikia gari. Nikashindilia tope kwa kidole gumba, nikarudisha kifuniko na utepe, nikanawa haraka, nikatoka kuwapokea mizigo.

Kwa hiyo miaka miwili nilipokuwa nikisimama mbele yenu na kuapa kwamba ni tope, moyoni nilikuwa na hakika kwamba kuna kitu. Mliponiita mwizi nilikasirika zaidi kwa sababu kitu kipo na sikukipata.

"Nionyeshe la kumi na moja," nikamwambia Zarina.

Alilivuta sanduku. Shubiri moja chini ya kifuniko palikuwa na tabaka la kijivu, nene. Akanipa kipande chake nikishike. Kilikuwa kigumu lakini chepesi, kina vitundu. Majivu ya volkano yaliyogandamana. Kwao ni kitu cha thamani sana, maana kutokana nayo wanajua umri wa tope lililo juu na chini. Dhahabu yangu ya miaka miwili ilikuwa majivu.

Juu ya yale majivu hapakuwa na mistari. Palikuwa na uji mweusi na doa la kutu.

Zarina alifungua droo, akatoa bahasha, na ndani yake kipande cha spoki.

"Tulikuta hii. Baada ya majivu ukame mkubwa ulianza, naona mwanzo wake. Nilitaka kujua ulidumu miaka mingapi. Mtu amekoroga. Bomba la pembeni ambalo lingetusaidia lilipasuka majini, halikufika juu. Ukurasa huo basi, umekwenda."

"Nani?" nikauliza. Niliuliza kweli, na sauti yangu haikutetemeka.

"Hatujui. Subira ndiye alisaini kwamba yamefungwa vizuri. Wakubwa wake walimtoa kwenye kazi ya ziwa la pili tulilotoboa baadaye. Alisema tu, 'Niliyafunga.'"

Tulitoka kwenda kula. Zarina alikuwa amepika kuku wa nazi na chapati, akanipakulia mwenyewe, akachagua paja. Nililishika paja, nikalirudisha sahanini. Nilimwona Subira nyumbani kwangu na kitabu chake cha namba, akimwita mke wangu mama, akila ugali wetu. Mimi najua kutiliwa shaka kulivyo. Najua jiko la msiba lenye wanawake wanne. Na nilikuwa nimempikia mwenzangu chungu hichohicho.

"Spoki ni yangu," nikasema.

Zarina aliomba nirudie. Nikarudia, na yote yaliyotangulia. Tusekile aliziba uso. Neema akauliza, "Babu, are you in trouble?" na hilo halikuhitaji mkalimani. Zarina hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alileta kitabu cha mabomba, akafungua ukurasa wa kumi na moja, akanipa kalamu. Niliandika kwa Kiswahili: nilifungua bomba hili kwa mkono wangu, Subira alilifunga vizuri. Nikatia saini, ya pili katika habari hii.

Kurudi

Addis nilizunguka nikimtafuta yule bibi wa shuka jeupe. Sikumwona. Songwe hakukuwa na ukungu.

Kwenye mkutano niliwaonyesha picha zote kumi na saba, mkazipitisha mkono kwa mkono, na mmoja wenu akauliza mbona la kumi na moja limevurugika. Nikasema nitaandika. Nilisema hivyo kwa woga. Jibu ndilo hili.

Siku ya pili yake nilimpigia Subira. Alipojua ni mimi alianza na salamu.

"Shikamoo Baba. Mama hajambo? Goti lake?"

Nikamweleza.

"Nilijua, Baba."

"Ulijuaje?"

"Jumapili ile uliponipokea begi, kucha zako zilikuwa na tope jeusi. La ukingoni kwenu ni jekundu. Jeusi linatoka chini."

Nikakumbuka kopo langu la tope jekundu na afisa wa forodha. Hata lingeingia, lisingelingana na chochote.

"Kwa nini hukunitaja, mwanangu? Walikutoa kazini."

"Sikukuona ukifanya, niliona mkono tu. Na nilikuwa nimekula kwako siku kumi na mbili, mama ndiye akinipakulia. Ningeanzaje?"

Zarina ameshawaandikia wakubwa wa Subira. Subira anakuja mwezi ujao, atapima ziwa na kutoboa upya pale pembeni, kama kijiji kitakubali. Mke wangu amejua yote tangu juzi na hajanisemesha. Mgeni akija kutakuwa na kupika, na goti lake si zuri. Nawaomba wanawake waje kumsaidia, zaidi ya wanne. Mimi msiponisalimia nitaelewa.